Wote wanachora milima miwili na jua katikati

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Sanaa na Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Tanga mjini. Nimeomba kazi katika shule nyingine, na nimeitwa kwenye usaili mwezi ujao. Pamoja na vyeti, wametaka nije na ukurasa mmoja wenye kichwa "Falsafa yangu ya kufundisha sanaa". Nimekaa na karatasi hiyo jioni nyingi bila kupata la kuandika. Nimesoma za walimu wengine. Karibu zote zinaanza kwa kusema kila mtoto ana kipaji, zinamalizia kwamba sanaa ni maisha, na katikati sioni kitu ninachoweza kukitumia Jumatatu asubuhi nikiingia darasani. Nikiandika hivyo nitakuwa nadanganya.

Nikueleze hali yangu. Darasa langu la Kidato cha Kwanza lina wanafunzi zaidi ya 70. Mkuu wa shule anapenda picha safi za kutundika Siku ya Wazazi, kwa hiyo mara nyingi nachora ubaoni, wanafunzi wananakili, tunapaka rangi, picha zinapendeza na wageni wanasifu. Lakini nikiwaambia wachore chochote kutoka kichwani mwao, wote, kasoro wachache, wananiletea milima miwili na jua katikati, kibanda, mnazi mmoja na ndege walioandikwa kama alama ya vema. Wengine wanaongeza bomba la moshi juu ya paa la kibanda.

Mwenzangu mmoja ananiambia niache kuwachorea, niwaachie uhuru, kwa sababu nawaua. Mwalimu mwingine, mtu mzima, ananiambia huo uhuru ni uvivu wa mwalimu. Fundi hujifunza kwa kufuata mkono wa fundi, na mfano ni wachoraji wa Tingatinga na wachongaji wa Kimakonde. Wote wawili wakizungumza naona wana haki.

Kisha kuna watoto wawili. Wa kwanza ni mvulana ambaye mjomba wake anachora Tingatinga Dar es Salaam. Anachora ndege na twiga kwa kasi ya ajabu, wenzake wanapanga foleni awachoree, na yeye hataki kuchora kitu kingine chochote. Wa pili ni msichana ambaye baba yake anafundisha madrasa. Nilipotoa zoezi la kuchora mtu aliyeketi, aliniambia kwa adabu kabisa kwamba nyumbani kwao picha za viumbe wenye roho hazifai. Sikujua la kufanya. Alikaa tu mpaka kipindi kikaisha, na tangu siku hiyo amekuwa mkimya.

Halafu kuna kusahihisha (picha inapataje 60 na nyingine 75?), kuna vifaa ambavyo hatuna, na kuna wazazi wanaosema kuchora hakumlipi mtu. Naomba unisaidie. Je, nifundishe kwa kunakili au kwa uhuru? Na huo ukurasa niuandikeje?

Mwalimu wa Sanaa, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Huo ukurasa uweke kando kwanza, tutaurudia. Falsafa ya mwalimu wa sanaa huonekana pale mtoto anapokuja mezani na karatasi yake, anakutazama usoni na kuuliza: "Mwalimu, ni nzuri?" Utakachofanya katika dakika hiyo ndicho unachokiamini, hata kama karatasi yako ya usaili itasema mengine. Yapo ninayoyaamini mimi baada ya kufundisha somo hili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nakupa wazi ili uyapime: kazi yetu ni kumfanya mtoto atazame kitu mpaka aone ambacho hakujua kipo, kisha tumpe ufundi wa kutosha kukisema alichokiona. Hayo ni mambo mawili, na moja bila jingine halisimami.

Tuanze na milima yako miwili, kwa sababu ndani yake kuna ugonjwa wote. Wanafunzi wako wanaishi Tanga mjini. Jua lao huchomoza baharini, kila asubuhi wanaliona wakienda shule. Hakuna hata mmoja anayeishi katika nyumba yenye bomba la moshi. Sasa hiyo picha wameitoa wapi? Wameipokea kwa kaka na dada zao, kwenye majalada ya madaftari, kwenye vitabu vya hadithi vilivyochorwa mbali na hapa, na wameirudia mpaka mkono unaichora wenyewe bila jicho kuhusika. Wanaandika alama: hii ni alama ya nyumba, hii ya mti, hii ya ndege. Na alama hizo zina faida yake kwa mtoto mdogo. Mtoto wa miaka mitano au sita anaziumba mwenyewe na anazifurahia. Ila kuanzia miaka 9 hivi na kuendelea, mtoto anaanza kutaka picha yake ifanane na kitu chenyewe. Analinganisha, anaona haifanani, hakuna anayemwonyesha njia, na anahitimisha: "Mimi sijui kuchora." Viktor Lowenfeld, mwalimu mzaliwa wa Austria aliyefundisha Marekani, aliichunguza sana safari hii ya michoro ya watoto, na mtu yeyote aliyefundisha shule ya msingi ameiona kwa macho yake. Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wanakufikia wakiwa tayari wamekata tamaa, wamejificha ndani ya ile picha moja ambayo haiwezi kuwaaibisha.

Kwa hiyo mwenzako anayesema uwaachie uhuru hajatazama vizuri. Umewaachia, na wamekupa milima. Mtu asiye na njia ukimwambia aende anakotaka, atazunguka palepale.

Lakini na kuwachorea ubaoni kuna kasoro, na kasoro yenyewe ipo mahali ambapo wengi hawaitafuti. Mtoto anayefuata mstari wako wa chaki hamtazami samaki, anatazama chaki. Kazi ngumu yote, yaani kuamua samaki anaanzia wapi, kipi kiachwe, kipi kiwe kikubwa, umeshaifanya wewe. Yeye amebakiwa na kazi ya kuwa msafi. Ndiyo maana picha za Siku ya Wazazi zinapendeza na siku ya pili hakuna kilichobaki kichwani.

Jaribu zoezi la kiatu. Kila mwanafunzi avue kiatu kimoja au kandambili yake, aiweke mezani mbele yake. Raba zote za kufutia zikusanywe kwenye boksi lako, maana raba inamfundisha mtoto kuogopa mstari wake. Zoezi la kwanza: wachore kiatu bila kutazama karatasi hata mara moja, macho yakitembea taratibu kwenye ukingo wa kiatu na penseli ikifuata kwa mwendo uleule. Watacheka, michoro itakuwa vurugu, na hiyo ndiyo faida yake, kwa sababu hakuna anayeweza kuwa hodari na hakuna wa kuonewa aibu. Ukiitazama ile michoro kwa makini utaona vipande vya ukweli ambavyo hujawahi kuviona kwenye madaftari yao: mkunjo wa ngozi, kamba iliyokatika, kisigino kilicholiwa upande mmoja. Zoezi la pili: wachore kiatu kilekile wakiruhusiwa kutazama karatasi, lakini waanze na nafasi zilizo wazi, ile tundu kati ya mkanda na soli, ile pembe kati ya kiatu na meza. La tatu, siku nyingine: wachore kiatu kwa kumbukumbu kikiwa ndani ya begi, kisha wakitoe na kusahihisha wenyewe kwa penseli ya rangi nyingine. Hapo mtoto anakutana ana kwa ana na tofauti kati ya alichodhani na kilichopo. Hakuna hotuba ya mwalimu inayoweza kufanya kazi ya dakika hiyo.

Baada ya kiatu nenda kwenye sufuria la nyumbani lenye mabonde yake, mikono ya bibi ikimenya muhogo, pikipiki ya bodaboda iliyolala, mlango wa nyumbani kwao. Mlango ni mzuri sana: wauchore darasani bila kuuona, jioni wakautazame, kesho wauchore tena. Wengi watagundua hawajawahi kuutazama mlango wanaoupita kila siku ya maisha yao.

Sasa swali lako la kunakili. Yule mwalimu mtu mzima ana hoja ya kweli na usimdharau. Edward Said Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, kwa rangi za mafuta za dukani. Alifariki mwaka 1972. Miaka minne tu, na bado sanaa ile haikufa, kwa sababu alikuwa amewakalisha ndugu na jamaa zake karibu naye wakafuata mkono wake, nao wakawakalisha wengine. Wachongaji wa Kimakonde nao ni hivyo: kijana anaanza kwa kupiga msasa na kung'arisha kazi ya mkubwa, anaujua mpingo kwa vidole kabla hajaruhusiwa kuukata. Hiyo ni shule kamili, yenye nidhamu kuliko nyingi zenye madawati.

Upande wa pili yupo mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, aliyesoma chuo cha Makerere, Uganda, na kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965. Yeye alishika msimamo kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Na hakusema tu: katika michoro yake ya ukutani kwenye kanisa la Murang'a, maisha ya Yesu yamewekwa katika mashamba na vilima vya Wakikuyu, pale pale waumini wanapoishi. Mwalimu wake Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere miaka ya 1930, hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya wanakili. Aliwasimulia tukio, kwa mfano soko au watu njiani, kisha akawaacha wachore walichokiona kichwani. Katika mikono yake alipita Sam Ntiro, mtoto wa Kilimanjaro, aliyechora vijiji vya Wachagga na watu wakiwa kazini. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku iko katika Museum of Modern Art ya New York. Hebu fikiria: mbege, migomba na giza la Uchagani, jambo ambalo mwalimu mwingine angemwambia aliache achore chombo cha maua. Lakini Trowell alipoondoka, Cecil Todd aliyeshika nafasi yake alitia mkazo zaidi kwenye ufundi na historia ya sanaa ya dunia. Hata Makerere, basi, ubishi wako wewe na wenzako ulikuwepo.

Hukumu yangu ni hii. Kunakili kunafaa pale mtoto anapojua anatafuta nini kwa anayemnakili. Mwambie: "Leo tunanakili mkono wa mchoraji huyu ili tujue anavyopanga rangi ya nyuma na ya mbele." Hapo ananakili kama mwanafunzi wa fundi, na kesho yake anatumia alichokipata kwa kitu chake mwenyewe. Kunakili kunakokuja bila swali ni kazi ya kujaza muda. Mtazame George Lilanga: alikuwa mchongaji aliyelelewa katika uchongaji wa Kimakonde, na alipokuwa Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii cha Dar es Salaam, akawahamisha wale mashetani wa vinyago vya Kimakonde kutoka kwenye mti kuwapeleka kwenye rangi, wakawa watu wake yeye, wenye masikio na vidole ambavyo unavitambua ukiwa mbali. Asingefika pale bila mkono wa waliomtangulia, na asingefika pale kama angebaki nao tu.

Kwa msichana wako nitakaa kidogo, kwa sababu kimya chake kinaniumiza kuliko milima yote.

Kwanza, si kazi yetu kutoa fatwa. Wanazuoni wenyewe wana mitazamo mbalimbali juu ya picha za viumbe, na nyumba ya mwenzako ina heshima yake. Pili, usimpe zoezi la huruma pembeni, kana kwamba ana upungufu. Wewe uko pwani, mwanangu, na pwani ni mahali ambapo watu wamejenga sanaa nzima, kubwa, bila kuhitaji sura ya mtu. Tazama milango ya kuchonga ya Zanzibar na Lamu, yenye maua, minyororo, mawimbi na maandishi ya Kiarabu juu ya kizingiti. Tazama zidaka, yaani vishubaka vilivyopambwa, kwenye kuta za nyumba za kale za Lamu. Tazama kofia ya viua, jinsi vitundu vidogo vinavyopangwa kwa sindano mpaka vinakuwa mchoro. Ukili uliotiwa rangi na kusukwa ukawa mkeka. Hina na piko kwenye mikono ya bibi harusi. Pindo na mji wa kanga. Haya yote ni hesabu na macho na subira, na ni magumu. Mwambie mwanafunzi yeyote agawanye duara katika sehemu 8 sawa kwa bikari na rula, kisha alijaze ua linalojirudia bila kukosea, utaona jasho.

Kwa hiyo fanya darasa zima lisome mlango. Wiki kadhaa kabisa. Kila mtu achore pindo la mlango wake, alichonge kwenye kipande cha kandambili kuukuu au kiazi kama muhuri, alichape kwenye karatasi mpaka liwe pindo refu la ukuta mzima. Msichana huyo huenda akawa mbele ya wote, na utakuwa umemrudisha darasani bila kumtaja. Halafu mtafute baba yake, umsalimie, umweleze unachofundisha, umuulize lipi linafaa na lipi halifai. Mtu anayefundisha madrasa huenda anaijua khati, yaani sanaa ya kuandika Kiarabu kwa uzuri. Kama anaijua, mwombe aje aonyeshe jinsi kalamu ya mwanzi inavyokatwa na kushikwa. Na kwa mandhari, majahazi, mimea, majengo na vyombo, ana uwanja mpana. Kama ataendelea na somo hadi mtihani wa Kidato cha Nne, kaa naye mapema mkague mitihani iliyopita muone maswali yapi yanampa nafasi.

Mkuu wa shule anataka picha za Siku ya Wazazi, na ana haki ya kuzitaka. Mpe ukuta ambao hajawahi kuuona. Tundika mchoro wa kwanza wa kiatu na wa mwisho wa mwanafunzi huyohuyo, kimoja juu ya kingine, na chini yake sentensi moja aliyoiandika mwenyewe: aliona nini mara ya pili ambacho mara ya kwanza hakukiona. Mzazi anayepita mbele ya mlima wa 40 unaofanana na wa kwanza hasimami. Mbele ya kiatu cha mwanawe anasimama, maana anakijua, ndiye aliyekinunua. Mweleze mkuu hayo kabla ya siku, na umwonyeshe jozi mbili tatu ili asishtuke.

Kwa kusahihisha, nina sheria moja nisiyoivunja: usiguse mchoro wa mtoto kwa penseli yako. Ukitaka kumwonyesha jambo, chora kwenye kipande chako cha karatasi pembeni, kisha kichane. Kurekebisha mstari wake ni kumpokonya mwiko anayejifunza kupika. Chakula kitaiva lakini hajapika yeye. Akikuuliza kama ni nzuri, muulize alikuwa anatafuta nini. Akisema "nilitaka lionekane zito," sasa mna la kuzungumza: uzito unatoka wapi, kivuli kiko wapi, chini ya kitu kuna nini. Mtaje jambo moja aliloliona kweli, na jambo moja la kurudi kulitazama. Basi. Darasa la 70 huwezi kuwafikia wote kwa kipindi kimoja, kwa hiyo gawa: leo safu mbili, kesho mbili nyingine, na wao kwa wao wafundishe kuulizana swali hilohilo.

Alama toa nusu nzima kwa daftari la michoro, yaani majaribio, makosa, kurudia, maelezo mafupi. Nusu nyingine ipe kazi iliyokamilika, ukiipima kwa lile mlilolisoma wiki hizo. Kama mlisoma kivuli, pima kivuli. Usimpe mtoto 75 kwa sababu picha inapendeza, wala 60 kwa sababu haipendezi; hataelewa afanye nini kesho. Waambie mapema unapima nini, uandike ubaoni, nao wajipime kwanza kabla yako.

Vifaa visikukoseshe usingizi. Udongo mwekundu utwangwe, uchekechwe kwa kitambaa, uchanganywe na maji na gundi nyeupe ya mbao: hiyo ni rangi, na inashika. Nyeusi inatoka kwenye mkaa uliosagwa, nyeupe kwenye vumbi la chaki, njano kwenye manjano ya jikoni, ingawa hiyo hupauka haraka ikipigwa na jua na ni vizuri wanafunzi waligundue hilo wenyewe. Kwa mkaa wa kuchorea, panga vijiti vyembamba vya mti laini ndani ya kopo lenye kifuniko, toboa tundu dogo, weka kwenye moto mpaka moshi uishe, acha lipoe kabla ya kufungua. Karatasi omba ofisini, zile zilizochapwa upande mmoja. Kondoa, kwenye miamba ya Kolo, watu wa kale walichora kwa rangi za ardhi na tunazitazama mpaka leo.

Kuhusu wazazi wanaosema hailipi, usibishane sana. Waonyeshe fundi cherehani anayekata kitambaa kwa jicho, fundi wa samani, mwandika mabango, mbunifu wa kanga, vijana wanaotengeneza katuni kwenye kompyuta. Kisha endelea na kazi. Wengi wa wanafunzi wako hawatakuwa wachoraji, kama ambavyo wengi hawatakuwa wanahesabu, na bado watahitaji macho.

Sasa karatasi yako. Usianze na kipaji. Mimi neno hilo silitumii darasani, kwa sababu linafanya madhara pande mbili: asiye nacho anakaa chini, na anayeambiwa anacho anaacha kufanya kazi. Anza na kipindi kimoja ulichofundisha. Eleza ulileta nini, wanafunzi walifanya nini, nini kilibadilika kati ya karatasi ya kwanza na ya pili. Kutoka hapo sema unaamini nini, kwa sentensi fupi. Kisha sema utafanya nini na anayeogopa, anayejiona hodari, na ambaye nyumbani kwao kuna mipaka. Sema unavyopima. Ukurasa umejaa. Kwa kuwa usaili ni mwezi ujao, una wiki za kutosha kufanya zoezi la kiatu na la mlango, ili unachokiandika uwe umekiona. Beba michoro kumi hivi, ukiwa umewaomba wanafunzi ruhusa na kufunika majina yao. Wakikuambia ufundishe kipindi cha majaribio mbele yao, waambie wanafunzi wavue kiatu kimoja.

Nimebakiza mvulana wa mjomba. Usimwambie aache Tingatinga, maana ameshika urithi ambao wengine wangeulipia. Mpe kipindi kimoja awaonyeshe wenzake: jinsi rangi ya nyuma inavyotangulia, kwa nini inasubiriwa ikauke, ndege anakujaje juu yake. Atalazimika kueleza anachokifanya kwa mazoea, na akieleza ataanza kukiona. Kisha mpe kunguru. Tanga mjini kunguru hamtawakosa, wamejaa uwanjani. Akae nje na daftari, amchore kunguru anavyotembea, anavyogeuza shingo, anavyoruka na mfupa mdomoni, kurasa nyingi za haraka. Halafu arudi kwenye hadibodi na rangi za mjomba wake, amchore kunguru huyo kwa mtindo ule. Ile foleni ya kuchorewa itaisha yenyewe siku kila mwenzake atakapokuwa na kiatu chake cha kuchora, kwa sababu hicho hawezi kuchorewa na mtu: hakijui ila mwenyewe aliyekivaa.

Niandikie ukishamaliza usaili, unieleze na baba wa msichana alisema nini. Nakuombea kheri.